Kiganja

Sifuri nukta sita.
Niliandika kwa chaki ubaoni, nikaandika na daftarini:
sifuri nukta sita kwa mia, saa nne na robo usiku.
Sheria yasema ikiwa chini ya moja, watu wakate makaa.
Kipimo hakikukosea. Nataka hilo lijulikane kwanza.

Mimi ni Taisia Kiskorova, mpima gesi,
miaka kumi na tisa chini ya bonde la mto Tom,
mita mia tano na arobaini chini ya theluji
ambayo kwetu hulala nyeupe, huamka nyeusi.

Usiku ule nilivua glavu nikaze skrubu ya taa,
kiganja kikagusa uso wa makaa.
Baridi.
Si baridi ya jiwe; ya jiwe naijua.
Hii ilikuwa baridi ya kitu kilicho kazini,
kinachokula joto la jirani yake polepole
kama mgeni anayemaliza mkate huku akisema ameshiba.
Na ndani, mbali, makaa yaligonga:
tik. Kimya. Tik, tik.
Kucha za mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

Nikazima mashine.
Wanaume kumi na wanne wakarudi hadi njia panda ya hewa,
wakaketi juu ya vumbi la chokaa,
wakapokezana chai ya Gavril, isiyo na sukari.
Nyapara Teryokhin akaja ameinama,
akasoma ubao, akanitazama.
Nikainua mkono mtupu.
Hakucheka. Heri angecheka.

Dakika arobaini.
Hakikutokea kitu.
Ukanda ukaanza tena kuvuta,
nami nikakatwa ujira wa siku mbili
"kwa hofu isiyo na kipimo":
ndivyo walivyoandika, wino wa buluu, na mhuri.

Siku ya tatu nilikuwa nyumbani, namenya viazi.
Kikombe kikatikisika kwenye kisahani chake.
Mara moja tu.

Hapakuwa na moto. Watu huniuliza habari za moto.
Makaa yalitoka yamesagika, laini kama unga wa ngano,
tani mia tatu, yakajaza njia hadi darini.
Watu watano.
Rimma, aliyenishikia zamu, alifukuliwa na chaki mkononi.
Ubaoni: sifuri nukta saba.

Majira ya kuchipua nilikwenda mjini, nikashtaki kwa wasomi.
Kijana mmoja, Yefim, akanitolea kwenye jokofu
kibonge cheupe, akakiweka sahanini.
"Haidrati," akasema. "Maji yameijengea methani vyumba,
yakafunga milango. Kufuli si baridi peke yake.
Uzito wa mlima nao ni kufuli."
Akawasha kiberiti.
Barafu ikashika moto,
mwali juu, matone chini,
hadi ukabaki umaji mdogo, kama wa mtu aliyelia akaondoka.

Nikauliza: kipimo changu huiona hii?
"Kipimo humwona aliyekwisha toka mlangoni."
Na kwenye mshipa wetu, imo?
Akazungusha kiberiti mezani.
"Baadhi yetu tunaamini imo. Wengine wanatucheka."

Kwa hiyo sijui.
Kimya kingi kina mshindo, sawa,
lakini ni kimya kipi? Mgodi mzima ni kimya.
Ningezima mashine kila kiganja kikiona baridi,
nani angechimba, na Kemerovo ingeota moto gani?
Nasema hivi mchana. Usiku sisemi.

Juzi Teryokhin alikuja kwangu, kavaa koti la sikukuu.
Alisimama kizingitini, theluji ikimyeyukia mabegani,
akanipa bahasha: ujira wa siku mbili,
noti kwa noti, na sarafu zake.
Kisha akanyoosha mkono.
Nilifuta wangu kwenye aproni, nikaupokea.

Ulikuwa baridi.
Nikasimama pale, nimeushika,
nikisikiliza.